Makabati ya Ofisi au Kumbukumbu za Watu: Mwalimu Anayeandika Historia ya Shule Aanzie Wapi?

Mwalimu anapokabidhiwa kazi ya kuandika historia ya shule yake, au anapojitwika mwenyewe kwa kuwa jubilei imekaribia na hakuna mwingine aliyejitokeza, hujikuta mbele ya njia mbili tangu juma la kwanza. Njia moja inaanzia ofisini, kwenye makabati, stoo na maboksi yenye rejesta, mihtasari na barua za miaka iliyopita. Nyingine inaanzia kwa watu: walimu wastaafu, wanafunzi wa zamani, wapishi, walinzi na wazazi waliochangia ujenzi. Wengi hudhani kwamba uchaguzi huo ni suala la urahisi tu, na kwamba mradi njia zote mbili zitapitiwa, kitabu kitatoka kilekile. Mimi sikubaliani nao. Mwandishi hupata maswali yake pale anapoanzia, na kitabu hufuata maswali hayo hadi ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo inafaa kuzipima njia hizi kwa makini kabla ya kufungua kabati au kupiga hodi.

Yaliyoandikwa

Shule iliyodumu miaka 40 au 50 huwa na maandishi mengi kuliko uongozi wake unavyodhani, ila yametawanyika na hakuna aliyewahi kuyaita historia. Rejesta ya uandikishaji humtaja kila mtoto aliyepokelewa, tarehe yake ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, mara nyingi pamoja na kazi ya mzazi huyo, na siku mtoto alipoondoka. Mihtasari ya vikao vya bodi huonyesha mambo yaliyobishaniwa, hata pale ambapo katibu amejitahidi kuyapunguza makali. Leja ya vifaa, ambayo karibu kila mtu huipita bila kuifungua, husema ni mwaka gani madawati yaliongezwa, ni lini maabara ilipata vifaa vyake vya kwanza, na cherehani zilikuwa ngapi kabla somo la ushonaji halijafutwa. Zipo pia ripoti za wakaguzi, kitabu cha wageni, kitabu cha adhabu, ratiba, daftari la fedha na picha za mahafali. Anayeanza na vitu hivi hupata jambo ambalo hakuna msimuliaji awezaye kumpa kwa uhakika, yaani mfuatano wa tarehe.

Ubora mkubwa wa maandishi haya ni kwamba yaliandikwa jambo likiwa linatokea, na aliyeyaandika hakujua litaishaje. Mwalimu mkuu anayeandika kwamba nusu ya darasa halikufika kwa sababu ya surua hana haja ya kumpendeza msomaji wa miaka 60 ijayo. Anaweka tu kumbukumbu ili akiulizwa awe na jibu. Ndiyo maana mstari mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa na uzito kuliko hotuba nzima ya maadhimisho.

Hata hivyo, maandishi yana namna yake ya kunyamaza. Kanuni zilizotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 1862 ziliitaka kila shule iliyopokea ruzuku iwe na kitabu cha matukio, ambamo mwalimu mkuu aliandika kwa ufupi maendeleo ya kazi na mambo mengine yaliyoihusu shule na walimu wake. Kanuni hizohizo zilimkataza kuandika humo tafakuri au maoni ya jumla. Watafiti wa leo wanavithamini mno vitabu hivyo, lakini msomaji anayetafuta ndani yake sababu za mambo, hofu za watoto au mgogoro wa walimu wawili hurudi mikono mitupu mara nyingi, kwa sababu mambo hayo ndiyo yaliyokatazwa kuandikwa. Hata pasipo kanuni kama hiyo, ofisi huandika kwa tahadhari ileile. Kitabu cha adhabu hutaja kosa na idadi ya viboko. Hakielezi kama mtoto alikuwa na kosa kweli. Ripoti ya mkaguzi huieleza siku ambayo pengine shule nzima ilijua mapema kwamba mkaguzi anakuja.

Yanayokumbukwa

Masimulizi ya watu hutoa kile kilichonyamaziwa. Hutoa majina ya utani ya walimu, sauti ya kengele na kitu kilichogongwa badala ya kengele ilipopasuka, nyimbo za mchakamchaka, njia ya kutorokea, na namna mtoto wa maskini alivyojisikia siku ya kulipa ada. Mambo haya ndiyo yanayomfanya msomaji aliyesoma hapo aione shule yake ndani ya kitabu. Kwa muda mrefu wanataaluma waliyatilia shaka. Kuanzishwa kwa ofisi ya utafiti wa historia simulizi katika Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani mwaka 1948, kwa juhudi za mwanahistoria Allan Nevins, kulisaidia kuipa kazi ya kurekodi kumbukumbu za watu utaratibu wa kitaaluma, na tangu hapo mbinu zake zimeendelea kukomaa.

Mwandishi wa historia ya shule ana bahati moja ambayo mwandishi wa historia ya kiwanda au hospitali hana. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu waliovuka umri wa makamo, wanapoulizwa kumbukumbu za maisha yao, hutaja mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 kwa wingi unaozidi vipindi vingine. Miaka ya shule imo humo. Kwa hiyo mzee asiyekumbuka alichofanya mwaka juzi anaweza kueleza bila kusita aliketi dawati gani, jirani yake alikuwa nani, na mwalimu alivaa nini siku aliyowasili.

Udhaifu uko kwenye tarehe na mpangilio. Mfano maarufu unatoka katika mji wa Terni nchini Italia, ambako tarehe 17 Machi 1949 mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, mwenye umri wa miaka 21, aliuawa polisi walipokabiliana na wafanyakazi waliokuwa wakipinga nchi yao kujiunga na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Mtafiti Alessandro Portelli alipowahoji wenyeji miaka mingi baadaye, wengi walikihamishia kifo hicho mwaka 1953, wakakiunganisha na mapambano ya mitaani yaliyofuata kufukuzwa kazi kwa wafanyakazi zaidi ya 2,000. Portelli hakuwaona kuwa waongo. Alionyesha kwamba kosa lenyewe lilikuwa na maana: watu walikipeleka kifo cha mwenzao mahali ambapo, mioyoni mwao, kilistahili kuwapo. Shuleni jambo hili hutokea kwa urahisi sana. Mgomo wa wanafunzi utasimuliwa kama uliotokea wakati wa mwalimu mkuu aliyechukiwa, ilhali rejesta na mihtasari zinaonyesha kwamba alifika miaka miwili baada ya mgomo kwisha. Mwandishi aliyeanza na watu pekee ataliandika kosa hilo kama ukweli. Aliyefungwa na karatasi atalifuta asiulize kwa nini watu walimhamishia mtu huyo mgomo usio wake, na hapo atakuwa ameitupa mojawapo ya habari muhimu alizowahi kupewa.

Inafaa pia kutofautisha ushuhuda na mapokeo. Anayesimulia aliyoyaona kwa macho yake ni shahidi; anayesimulia jinsi shule ilivyoanzishwa chini ya mti, miaka 20 kabla hajazaliwa, anapokeza habari aliyoipokea. Mwanahistoria Jan Vansina, aliyetetea tangu mwaka 1961 thamani ya mapokeo ya mdomo kama chanzo cha historia, alisisitiza kwamba mapokeo yana kanuni zake za kupimwa: yalipitia kwa nani, yalikuwa yakisimuliwa wakati gani na kwa faida ya nani. Habari za kuanzishwa kwa shule huwa za aina hii karibu kila mara, na mwandishi azipime hivyo.

Nani hukosekana

Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na nasikitika kwamba historia nyingi za shule hazikijali. Kitabu kilichojengwa juu ya nyaraka huelekea kuwa historia ya wakuu wa shule, bodi na majengo, kwa sababu hao ndio walioandika na kuandikwa. Kitabu kilichojengwa juu ya masimulizi huelekea kuwa historia ya kizazi kimoja cha wanafunzi: wale walio hai, wanaopatikana kwa simu, waliofanikiwa, na wanaoipenda shule kiasi cha kukubali kuhojiwa. Aliyefukuzwa, aliyefeli, na msichana aliyeacha masomo bila mtu kuuliza alikokwenda, hawaji kwenye mikutano ya wanafunzi wa zamani.

Hapo ndipo rejesta ya uandikishaji, kitabu kikavu kuliko vyote, inapowashinda wasimuliaji wote. Imemwandika mtoto aliyekaa majuma matatu kwa mwandiko uleule uliomwandika aliyekuja kuwa waziri. Haisemi lolote juu yake zaidi ya jina, tarehe mbili na pengine neno moja la sababu ya kuondoka, lakini inatosha kumjulisha mwandishi kwamba alikuwapo na kwamba anastahili kutafutwa. Mwandishi akihesabu walioingia kidato au darasa la kwanza katika mwaka fulani, kisha akahesabu waliomaliza, pengo atakaloliona laweza kuwa sura nzima ya kitabu. Wapishi, walinzi na wahudumu wana hali ya kinyume: katika nyaraka wamo kwenye orodha ya mishahara tu, ilhali katika kumbukumbu za wanafunzi wamo kila mahali, kwa majina na kwa sauti. Kundi moja basi huokolewa na karatasi na jingine na mdomo.

Muda na kazi

Walimu wengi huchagua masimulizi wakiamini kwamba ni kazi nyepesi. Hesabu inasema vingine. Kuandika neno kwa neno mazungumzo ya saa moja huchukua kwa kawaida saa nne hadi sita kwa mtu asiye na mazoea. Mahojiano 20 ya saa moja na nusu ni saa 30 za sauti, nazo zinadai saa 120 hadi 180 za kuandika. Mwalimu anayeweza kutenga saa tano kwa juma, akiwa na vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha, atahitaji majuma 24 hadi 36 kwa kazi hiyo peke yake, kabla hajaandika sentensi moja ya kitabu. Anayeona hesabu hiyo haiwezekani aandike kwa ukamilifu mahojiano matano yaliyo mazito, na mengine ayawekee fahirisi inayoonyesha dakika ambayo kila jambo linazungumzwa.

Nyaraka huchukua muda kwa namna nyingine. Kuzipiga picha kwa simu ni kazi ya siku chache; kuzisoma ni kazi ya miezi, hasa mwandiko ukiwa mgumu au wino umefifia. Faida yake ni kwamba zinaweza kusomwa nusu saa leo na nusu saa kesho, jambo ambalo mazungumzo na mzee hayaruhusu. Uhifadhi wa vyote viwili hauna mambo mengi. Karatasi zitolewe pini na vibanio vya chuma vinavyoshika kutu, ziwekwe mbali na unyevu na mchwa, na zikiskaniwa ziwe na doti 300 kwa inchi, picha doti 600. Sauti irekodiwe kwa umbo la WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, ikiwezekana. Kwa kilohezi 48 na biti 24, mkondo mmoja, saa moja huchukua takriban nusu gigabaiti. Nakala ziwe zaidi ya moja na zisikae katika jengo moja.

Ugumu wa kumhoji mwalimu wako

Njia zote mbili zina hatari za kimaadili, lakini hazifanani. Hatari ya nyaraka ni siri za watoto: matokeo, magonjwa, adhabu, sababu za kufukuzwa. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima mwenye jina, na hakuwahi kuombwa ruhusa. Takwimu zitumike kwa uhuru. Jina litumike kwa ridhaa ya mwenyewe. Hatari ya masimulizi ni shutuma dhidi ya mtu asiyekuwapo kujibu, awe hai au marehemu, na dawa yake ni ridhaa ya maandishi, haki ya msimuliaji kusoma aliyonukuliwa kabla ya kuchapwa, na juhudi ya kweli ya kusikia upande wa pili.

Ipo hatari nyingine inayomhusu mwalimu hasa, kwa kuwa yeye si mtafiti kutoka nje. Ni mwajiriwa wa taasisi anayoiandika, na pengine alisoma hapo. Akimhoji mwalimu aliyemfundisha, heshima iliyojengwa darasani hurudi mara moja: anakaa kama mwanafunzi, anaitikia, na swali gumu alilokuja nalo linabaki daftarini. Mzee naye humwona mtoto wake wa darasani, humpa historia anayoona inamfaa mtoto. Hili halitibiwi kwa ukali. Hutibiwa kwa kufika na karatasi. Badala ya kusema, “Shikamoo mwalimu, ni kweli kwamba bweni lilifungwa kwa sababu ya ugomvi wenu?” mwandishi huweka mezani nakala ya muhtasari wa kikao na kusema, “Mwalimu, hapa wameandika kwamba bweni lilifungwa mwezi huu, lakini hawakueleza sababu. Nisaidie.” Swali sasa limetoka kwenye maandishi, halikutoka mdomoni mwa mwanafunzi, na mzee anaweza kujibu bila yeyote kati yao kuvunjiwa heshima. Naiona faida hii kuwa sababu yenye nguvu kuliko zote ya kutokwenda kwa wazee kabla ya kusoma chochote.

Vikundi navyo viangaliwe. Mwanasosholojia wa Kifaransa Maurice Halbwachs alionyesha tangu mwaka 1925 kwamba watu hukumbuka wakiwa ndani ya makundi yao, na wanafunzi wa mwaka mmoja wanaokutana kila mara hatimaye huwa na simulizi moja iliyolainishwa. Ni heri kila mmoja ahojiwe peke yake kwanza, ndipo wakutanishwe mbele ya picha ya zamani wabishane.

Umbo la kitabu

Nyaraka humvuta mwandishi kupanga sura kwa vipindi vya wakuu wa shule. Mpango huo ni rahisi na unafaa kwa marejeo, lakini humpa mkuu sifa na lawama za mambo ambayo hayakuwa mikononi mwake. Masimulizi humvuta kupanga kwa mada: bweni, chakula, michezo, nidhamu, mitihani. Usomaji wake ni mtamu zaidi, ingawa mabadiliko ya miaka hupotea. Mimi ningepanga kwa vipindi vya maisha ya shule yenyewe, kwa mfano kabla na baada ya kupokea wasichana, au kabla na baada ya umeme, kisha ndani ya kila kipindi nikapanga kwa mada.

Kuchagua kwa hali ya shule

Shule changa, ambayo waanzilishi wake bado wako hai na ofisi yake haijakusanya mengi, iandikwe kwa kuanza na watu, tena bila kuchelewa. Shule ya miaka 80 na zaidi, ambayo hakuna aliyebaki wa darasa la kwanza, ianze na nyaraka, kwa kuwa habari za mwanzo zitakazotoka midomoni sasa ni mapokeo tu. Shule ambayo kumbukumbu zake ziliungua au zilitupwa isikate tamaa. Nakala za barua na ripoti hubaki kwa waliozipokea: ofisi za elimu, wizara, dhehebu au jumuiya iliyoanzisha shule, mamlaka ya mitihani na magazeti ya wakati huo, na vyeti na picha hubaki katika masanduku ya familia. Kwa shule ya namna hiyo, masimulizi huja kwanza kwa sababu wasimuliaji ndio watakaoeleza masanduku hayo yako wapi.

Shule nyingi ziko katikati: zina makabati yaliyojaa nusu na wazee wachache waliobaki. Kwa hizo nashauri majuma matatu ya nyaraka, yasizidi, yenye lengo moja la kutengeneza mfuatano wa tarehe usiozidi ukurasa mmoja kwa kila miaka 10, wenye majina ya wakuu, majengo, mabadiliko ya idadi ya wanafunzi na mapengo yasiyoelezeka. Kisha mwandishi aache karatasi, hata kama amefika mahali patamu, aende kwa watu akianza na mwenye umri mkubwa zaidi. Karatasi iliyohamishwa kutoka sakafuni na kuwekwa kwenye boksi kavu itamsubiri mwaka mzima. Mwalimu mstaafu mwenye miaka 88 hatakiwi kuwekwa katika ratiba ya muhula ujao.

Siku ya mahojiano hayo ya kwanza, mwandishi achukue nakala ya picha moja ya darasa, ukurasa mmoja wa rejesta wa mwaka ambao mzee alifundisha au kusoma, na kinasa sauti kilichojaribiwa. Amwachie mzee ataje majina ya waliomo pichani bila kumharakisha, kwa kuwa huo ndio muda ambao mengine yote hufunguka. Kabla ya kuzima, amuulize nani mwingine anapaswa kuhojiwa, na nani angeyasimulia mambo hayahaya kwa namna tofauti. Majina atakayopewa kwa swali la pili yawekwe juu kabisa kwenye orodha ya juma linalofuata.